Ndege za Kisasa au Viwanda: Ni Kipi Kiamuacho Vita?

Upo ubishi wa zamani ambao haukosekani popote askari wakusanyikapo, iwe katika kantini ya kambi au chini ya mwembe wa kituo cha polisi. Mmoja husema kwamba vita vya siku hizi huamuliwa angani. Mwenye ndege yenye mbio zaidi na kombora lifikalo mbali zaidi ndiye mshindi, na wengine wote ni watazamaji. Mwenzake humjibu kwamba ndege haishuki kutoka mbinguni, bali huundwa kiwandani. Kwa hiyo mwenye viwanda vingi ameshashinda hata kabla risasi ya kwanza haijalia. Basi hubishana mpaka saa ya kulala, na kila mmoja akaondoka na lake.

Ubishi huu si wa kupitisha wakati tu. Taifa lisilo tajiri likikosea jibu la swali hili hulipa mara mbili: kwanza kwa fedha zake, na baadaye kwa damu ya askari wake. Nasi wa Uganda hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta shahidi. Shahidi ni ile barabara itokayo Mutukula, ikapita Masaka na Lukaya, ikaingia Kampala. Ndiyo njia iliyopitwa na vita vya mwaka 1978 na 1979, na inafaa tuiulize kwanza kabla ya kuuliza vitabu vya Ulaya.

UGANDA ILIKUWA NA NDEGE

Mwaka 1978 jeshi la anga la Uganda lilikuwa miongoni mwa majeshi ya anga yaliyoogopwa katika Afrika Mashariki. Lilikuwa na ndege za kivita aina ya MiG-17 na MiG-21 zilizoundwa Urusi. Hiyo MiG-21 ilikuwa na uwezo wa kuruka kwa mwendo wa takriban mara mbili ya mwendo wa sauti. Ni kweli kwamba usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli waliovamia uwanja wa Entebbe waliteketeza zaidi ya ndege kumi za kivita zikiwa zimeegeshwa. Hilo lilikuwa onyo, kwamba ndege isiyolindwa ardhini haina tofauti na banda la nyasi. Hata hivyo jeshi hilo lilibaki na ndege za kutosha kumtisha jirani.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Tanzania. Ndege zilitangulia kudondosha mabomu katika eneo la Kagera na mji wa Bukoba. Mwanzoni mwa Novemba serikali ya Kampala ikatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera imekuwa ya Uganda. Wakati huo aliyetazama juu tu angeweza kusema kwamba vita vimekwisha, na kwamba ndege zimeshinda.

Lakini hebu tutazame daraja la Kyaka. Daraja hili lilikuwa kiungo cha barabara juu ya mto Kagera, na makamanda wa Amin walitaka livunjwe ili Watanzania wasirudi. Ndege zilitumwa kulipiga mabomu. Zikaja, zikakutana na moto wa mizinga ya kutungulia ndege, zikadondosha mabomu, nalo daraja likabaki limesimama. Mwishowe alitafutwa mtaalamu wa baruti kwa msaada wa migodi ya shaba ya Kilembe. Akalitegea baruti, likaanguka. Kazi iliyoshindikana kwa mashine za thamani kubwa ilitimizwa kwa elimu ya mtu wa mgodini na baruti zake.

Hadithi ya daraja haikuishia hapo. Mwezi huohuo wa Novemba wahandisi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania walitandika madaraja ya muda juu ya mto ule ule, na askari wakavuka pamoja na mizinga na malori. Ndege za Uganda hazikuweza kuwazuia. Tangu siku ile ndege zilikuwa upande mmoja na mwelekeo wa vita upande mwingine.

NJIA YA KUELEKEA KAMPALA

Tarehe 21 Januari 1979 Mutukula ilitekwa. Tarehe 24 Februari ikawa zamu ya Masaka. Divisheni ya 20, chini ya Meja Jenerali David Musuguri, iliendelea mbele pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Watu wa kusini mwa nchi yetu wangali wanakumbuka ngurumo ya silaha waliyoiita saba-saba. Ndege zilizojaribu kuwashambulia watu hawa zilikutana na makombora madogo ya begani, ambayo askari mmoja huyabeba kama mtu abebavyo mchi. Kombora la namna hiyo lina bei ndogo sana likilinganishwa na ndege, na mtu hufundishwa kulitumia kwa muda mfupi, wakati rubani hufundishwa kwa miaka.

Libya ilikuja kumsaidia Amin kwa askari, vifaru, roketi na ndege. Huko Lukaya, tarehe 10 Machi, majeshi hayo yaliisukuma nyuma Brigedi ya 201 ya Tanzania, iliyokuwa na wanamgambo wengi. Usiku ule Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ilizunguka na kutokea nyuma ya adui, na tarehe 11 Machi Lukaya ikakombolewa. Aliyeamua mapigano yale ni askari aliyetembea usiku kucha, akijua aendako na akimtii kamanda wake.

Mwishoni mwa mwezi huohuo ndege ya Libya aina ya Tu-22, moja kati ya ndege kubwa za mabomu zenye mbio kupita sauti, ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yake yaliukosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saa Nane, mahali palipotengwa kwa ajili ya wanyama. Walioangamia ni swala. Tarehe 7 Aprili Entebbe ilitekwa, na ndege ya uchukuzi ya Libya ikapigwa ilipojaribu kuruka. Ndege kadhaa za MiG zilikutwa uwanjani. Siku nne baadaye, tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ikaanguka.

MTI ULIOKATWA MIZIZI

Kwa nini ndege zile hazikufaa kitu? Wengine husema marubani walikuwa waoga. Hilo ni jibu rahisi, na halitendi haki kwa waliokufa kazini. Ukweli ni kwamba ndege ya kivita ni jani la juu kabisa la mti mrefu. Chini ya jani hilo kuna tawi, nalo ni fundi ajuaye kuitengeneza. Chini ya tawi kuna shina: vipuri, mafuta, bohari, barabara na malipo ya mishahara. Na chini ya shina kuna mizizi, yaani mashamba, migodi, viwanda na shule za nchi yenyewe. Jani likikatiwa maji hunyauka, hata kama lilinunuliwa kwa bei gani.

Mizizi ya Uganda ilikatwa kabla ya vita. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Viwanda na maduka vikagawiwa watu, wengi wao wasiojua kuviendesha. Nchi ambayo mwaka 1970 ilitoa sukari zaidi ya tani 140,000, miaka kumi baadaye viwanda vyake vya Kakira na Lugazi vilikuwa karibu kunyamaza kabisa. Shaba ya Kilembe ilipungua mwaka hadi mwaka, mpaka uchimbaji ukakoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umeme wa bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, ulikuwapo tangu mwaka 1954, lakini mashine za kuutumia zilikosa vipuri. Kahawa ikavushwa mipaka kwa magendo. Hata hiyo kahawa iliyobaki ilipata pigo Oktoba 1978, Marekani ilipopiga marufuku biashara yake na Uganda. Nchi iliyokosa sukari ya chai na sabuni ya kufulia sare ilitaka kuendesha vita kwa ndege ambazo kila msumari wake ulitoka ng'ambo. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hapa yule rafiki yetu wa viwanda atapiga makofi na kusema, “Mmeona sasa? Viwanda ndivyo viamuavyo!” Asiharakishe. Tanzania nayo haikuunda ndege, wala kifaru, wala mzinga. Silaha zake zilitoka China, Urusi na kwingineko. Nchi yenyewe ilikuwa ya wakulima, na mavuno yalikuwa hayajazoea kulisha jeshi kubwa. Kama kuhesabu mabomba ya moshi ya viwanda kungetosha kumtaja mshindi, vita vile visingekuwa na mshindi hata kidogo.

Tanzania ilikuwa na kitu kingine. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kwamba wanayo sababu ya kumpiga adui, wanayo nia, na wanao uwezo. Wengi hukumbuka maneno hayo kwa utamu wake. Askari ayakumbuke kwa mpangilio wake, maana sababu na nia bila uwezo ni hotuba tu, na uwezo bila sababu ni mzigo. Uwezo wenyewe ulikusanywa kwa jasho. Malori na mabasi ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari na chakula. Reli ikapeleka mizinga upande wa ziwa. Jeshi lililokuwa na askari wasiozidi 40,000 lilipanuka upesi likapita laki moja, wakiwamo wanamgambo, polisi, askari wa magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kila mmoja wao alipaswa kulishwa, kuvishwa viatu na kupelekewa risasi umbali wa mamia ya kilometa.

Na bei yake haikuwa ndogo. Inakadiriwa kwamba vita viliigharimu Tanzania karibu dola milioni 500. Baada ya ushindi wananchi walitakiwa kufunga mikanda, nao waliifunga kwa miaka mingi. Mshindi pia hurudi nyumbani na deni.

MAJUMBA MAKUBWA YANASEMAJE?

Mfano wetu ni wa nchi mbili ndogo, na mtu anaweza kuuliza kama mambo ni hayohayo kwa mataifa makubwa. Katika Vita Kuu ya Pili Ujerumani ilitangulia dunia nzima kupeleka vitani ndege ya jeti kwa wingi, Messerschmitt Me 262. Hakuna ndege ya washirika iliyoweza kuifuata kwa mbio. Ziliundwa zaidi ya 1,400. Mwaka 1944 Wajerumani waliunda ndege za kila aina karibu 40,000, kiasi ambacho hawakupata kukifikia katika mwaka mwingine wowote wa vita. Lakini mwaka huohuo Marekani peke yake iliunda zaidi ya 96,000. Katika kiwanda cha Willow Run, karibu na Detroit, ndege kubwa ya mabomu ilikuwa ikikamilika kwa kila saa moja hivi.

Pamoja na hayo, hesabu ya ndege ni nusu tu ya habari. Kuanzia Mei 1944 washirika walipiga viwanda vya Wajerumani vya kutengeneza mafuta kutokana na makaa ya mawe. Mafuta ya ndege yaliyokuwa yakipatikana mwezi Aprili yalizidi tani 170,000. Kufika Septemba yalikuwa chini ya tani 10,000. Ndege mpya zikajaa viwanjani bila mafuta. Marubani vijana wakapelekwa vitani kabla ya kukamilisha mafunzo, kwa kuwa hapakuwa na mafuta ya kufundishia, nao wakafa upesi. Huo ni mti uleule: jani jipya linang'aa, shina limekauka.

Hata hivyo viwanda navyo vina mpaka wa nguvu zake. Marekani iliyoishinda Ujerumani na Japani kwa wingi wa viwanda ilipigana Vietnam ikiwa na viwanda vingi zaidi na ndege bora zaidi. Ilimimina juu ya nchi zile za Indochina mamilioni ya tani za mabomu, kupita yale iliyoyatupa katika Vita Kuu ya Pili. Tarehe 30 Aprili 1975 mji wa Saigon ulianguka mikononi mwa wapinzani wake. Hao nao hawakuwa na viwanda vya kulinganishwa; walipewa silaha na Urusi na China, wakazipitisha porini kwa malori, kwa baiskeli na kwa migongo ya watu, kila usiku, kwa miaka. Walijua wanachopigania, na walijua namna ya kukifikisha kilichohitajiwa mahali kilipohitajiwa.

Wazee wetu wa KAR waliliona jambo hilohilo Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwamo vijana wa Uganda wa Batalioni ya Nne, ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope yaliyomeza magari. Chakula na risasi vililetwa na ndege ya uchukuzi, Dakota. Dakota haikuwa na mbio wala bunduki. Sifa yake ni kwamba ziliundwa zaidi ya 10,000, fundi wa kawaida aliweza kuitengeneza, na kila siku ilikuja. Desemba mwaka huo Kalewa ilitekwa, na wahandisi wakatandika juu ya mto Chindwin daraja la chuma lenye urefu wa takriban mita 350. Ndege iliyowafaa wapiganaji wale ilikuwa ile iliyowaletea unga.

MAANA YAKE KWA ASKARI WA LEO

Jibu la ubishi wetu basi ni hili: vita huamuliwa na uwezo wa kurudisha upesi kilichopotea, na kukifikisha mkononi mwa mtu ajuaye kukitumia na ajuaye sababu ya kukitumia. Ndege ni sehemu ya uwezo huo, na kiwanda ni sehemu yake pia. Kinachoviunganisha ni ugavi, ufundi na nidhamu, na hapo ndipo mshindi hutengana na mshindwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Uganda haihitaji ndege. Nchi isiyo na macho angani hupigwa gizani. Mwaka 2011 nchi yetu ilinunua ndege sita za Kirusi aina ya Su-30MK2. Bei yake, pamoja na silaha, ilitajwa kuwa karibu dola milioni 740, na wananchi wakaijadili sana. Fedha ya kununua huonekana siku moja. Fedha ya kuitunza ndege, kuwafundisha marubani na mafundi na kununua vipuri hutakiwa kila mwaka, bila magazeti kuandika. Mtu akiuliza kama ununuzi wa namna hiyo ulikuwa wa busara, jibu halitapatikana katika siku ya gwaride. Litapatikana katika karakana.

Agosti 2012 helikopta tatu za kivita za jeshi letu zilianguka katika Mlima Kenya zikielekea Somalia. Hakuna adui aliyezirushia risasi. Tulipoteza wenzetu na mashine za thamani katika safari ya kwenda tu. Yeyote adhaniaye kwamba vita huanza pale adui anapoonekana, na akumbuke mlima ule. Hali ya hewa, ramani, mafuta na mpango wa safari ni vita kabla ya vita.

Pale Nakasongola, ambapo zamani palikuwa na kiwanja cha ndege za Amin, leo pana kiwanda cha Luwero Industries kinachotengeneza risasi za silaha ndogo. Risasi haina fahari ya ndege, na watoto hawaichori katika madaftari yao. Lakini nchi inayojitengenezea risasi yake haitasubiri meli ya mtu mwingine ifike Mombasa ndipo ijilinde. Mizizi huanza hivyo, polepole.

Kwa hiyo kila mmoja wetu anashika sehemu ya mti huu. Mtunza bohari anayeandika hesabu ya uongo anaangusha ndege, ingawa hakuwahi kugusa usukani wake. Dereva asiyepima mafuta ya injini ya lori analinyima jeshi chakula cha kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Polisi anayewakamata wezi wa mafuta, anayelinda daraja na nguzo za umeme, na anayekataa hongo ya mfanya magendo mpakani, yuko katika mstari wa mbele sawasawa na mpiga mzinga. Mwaka 1979 nchi hii haikukosa ndege. Ilikosa watu walioruhusiwa kufanya kazi zao kwa uaminifu, kuanzia shamba la miwa la Kakira hadi karakana ya Entebbe.

Ubishi wa kantini utaendelea, na ni vizuri uendelee, maana askari asiyefikiri ni mzigo kwa kamanda wake. Lakini mara nyingine mwenzako akikusifia mbio za ndege fulani, muulize maswali matatu: nani huitengeneza ikiharibika, mafuta yake hupita barabara gani, na ikianguka leo, nyingine itatoka wapi kesho? Akiweza kuyajibu yote matatu, amesema habari ya vita. Akishindwa, amesema habari ya ndege tu.